Heshima ya Mgeni na Sahani ya Mtoto



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya maombi, ndoa na msamaha. Leo naomba tuzungumze juu ya sufuria. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anayemkaribisha mgeni bila nyama amemvunjia heshima? Na lingine linalofuatana nalo: je, familia inayokula maharagi na majani siku zote inakula chakula cha aibu? Haya yanaonekana kuwa maswali madogo ya jikoni. Lakini mimi nimejifunza, tena kwa kosa langu mwenyewe, kwamba ndani yake kuna afya ya watoto wetu, na kuna dhambi yetu sisi viongozi.

Kuku wa mama mjane

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtembelea mama mmoja mjane wa kanisa letu hapa Nakivale. Ana watoto wanne. Nilikuwa pamoja na wazee wawili wa kanisa. Tulimkuta akichambua maharagi mbele ya nyumba yake. Alipotuona aliinuka haraka, akayaingiza maharagi ndani, akamtuma kijana wake mkubwa kwa jirani kuazima sufuria. Baada ya muda tukasikia kuku akipiga kelele nyuma ya nyumba.

Tuliomba, tukasoma Neno, tukaletewa bugali na kuku. Tulikula sisi watatu ndani, mlango umerudishwa. Watoto walikuwa nje. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," maana siku ya mgeni hata watoto wa nyumba hupata kitu kizuri. Siku ile watoto walipata mchuzi na shingo. Mimi niliwekewa firigisi, nikaipokea kama haki yangu. Tukaibariki nyumba, tukaenda zetu.

Majuma matatu baadaye mke wangu aliniambia kwamba mtoto wa mwisho wa nyumba ile, mwenye miaka miwili, amepelekwa kwenye kituo cha afya. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimebadilika rangi, hataki kucheza wala kula. Sisi watu wa Kivu tunaujua ugonjwa huo tangu zamani, tunauita bwaki. Kisha mke wangu akaongeza neno lililoninyima usingizi: "Baba, yule kuku mliyekula ndiye aliyekuwa akitaga. Muuguzi alikuwa amemwambia mama ampe mtoto yai."

Sisemi kwamba kuku mmoja ndiye aliyeleta bwaki. Ugonjwa ule huja kwa chakula kichache na cha aina moja kwa muda mrefu, na kuhara na homa huuongezea nguvu. Madaktari wenyewe wanasema sababu zake ni zaidi ya moja. Mtoto alitibiwa, akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini yai lililokuwa la mtoto lilikwisha siku nilipokula kuku, na mimi sikuuliza neno.

Nilipotafuta kujitetea mbele za Mungu, nilimkimbilia mjane wa Sarepta. Wahubiri tunampenda sana mama yule, kwa sababu alimpa mtumishi wa Mungu kwanza, kisha akabarikiwa. Lakini nilipoisoma tena 1 Wafalme 17 polepole, niliona mambo mawili niliyokuwa nikiyaruka. La kwanza, Eliya hakuomba nyama. Aliomba maji na mkate mdogo. La pili, alipokwisha kula hakuondoka. Alikaa katika nyumba ile, unga haukuisha kwa mama na mwanawe, na mtoto alipougua Eliya ndiye aliyembeba na kumlilia Mungu juu yake. Mimi nilikula nikaondoka, na habari za mtoto nililetewa na watu.

Nikakumbuka pia mfano ambao nabii Nathani alimpa mfalme Daudi katika 2 Samweli 12. Tajiri alipata mgeni, akayaacha makundi yake mwenyewe, akamchukua mwana-kondoo mmoja wa maskini ili amwandalie. Mimi si tajiri, mnanijua. Lakini mbele ya mama yule mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na mnyama wake alikuwa mmoja.

Neno dogo "tu"

Aibu hii inatoka wapi? Muulize mtu yeyote hapa makazini jana alikula nini. Atajibu: "Maharagi tu." Au: "Sombe tu." Sijasikia mtu anayesema: "Nyama tu." Neno hilo dogo linaeleza yaliyo moyoni mwetu.

Kule nyumbani nyama ilikuwa lugha. Mbuzi alisema kwamba mkwe amepokelewa. Ng'ombe alisema kwamba binti ameheshimiwa. Hata aliyekuwa maskini alijua kwamba siku moja atachinja, na watu watakuja. Kisha vita vikatutoa. Tulipofika huku tulipewa kadi, tukapanga mstari, tukapimiwa mahindi, maharagi na mafuta. Baadaye wengi wakaanza kupewa fedha badala ya chakula. Mwezi wa nne 2020 mgawo ulishuka hadi asilimia 70 ya kipimo cha kwanza, na mwezi wa pili 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Tangu hapo umezidi kupungua, na wengine wameondolewa kabisa. Basi maharagi yakawa na harufu ya mstari ule. Tukila nyama tunajisikia watu tena. Naelewa jambo hilo. Mimi pia limo ndani yangu.

Lakini tufanye hesabu. Ndugu mmoja, karibu na Noeli, aliuza kilo tatu za maharagi ili anunue nusu kilo ya nyama ya mbuzi, kwa sababu wakwe zake walikuwa wanakuja. Protini ndiyo sehemu ya chakula inayojenga mwili: nyama ya mwili wetu, damu, ngozi, nguvu ya kushindana na magonjwa. Gramu 100 za maharagi makavu zina protini gramu 21 hivi. Gramu 100 za nyama ya mbuzi mbichi, bila mfupa, zina gramu 20 hivi. Kwa hiyo kilo tatu za maharagi zilikuwa na zaidi ya gramu 600 za protini, na nusu kilo ya nyama ilikuwa na 100, tena mifupa ikipimwa pamoja zinapungua. Ndugu yetu alitoa sita akapata moja. Ni kweli kwamba mwili huitumia protini ya nyama vizuri zaidi kuliko ile ya maharagi, lakini hata hivyo hesabu haikaribiani. Na nyama ile waliila wakubwa.

Maharagi katika Maandiko

Je, Biblia inayadharau maharagi? Angalieni 2 Samweli 17. Mfalme Daudi amekuwa mkimbizi. Anamkimbia mwanawe Absalomu, amevuka Yordani, amefika Mahanaimu na watu wake wamechoka, wana njaa na kiu. Watu watatu wa nchi ile, mmoja wao mzee Barzilai, wanawaletea vitanda, vyombo na chakula. Katika orodha ya vyakula hivyo kuna kondoo na jibini, ndiyo, lakini kabla yake kuna ngano, shayiri, bisi, kunde na dengu. Mfalme aliletewa kunde, na hakuna aliyeona kwamba ametukanwa.

Angalieni pia Danieli sura ya kwanza, kijana aliyechukuliwa kwenda nchi ya ugeni. Yeye na wenzake waliomba wajaribiwe siku kumi bila chakula cha mfalme. Katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea wanaomba mtama. Tafsiri nyingine zinasema mboga. Neno la Kiebrania lina mzizi mmoja na neno mbegu: ni vitu vilivyopandwa. Kwa hiyo tusikosee tukiwaza hata nafaka na jamii ya maharagi.

Na nabii Ezekieli, katika sura ya nne, anaambiwa achanganye ngano, shayiri, kunde, dengu na mtama katika chombo kimoja, afanye mkate, na aule kwa kipimo cha shekeli 20 kwa siku, yaani kama gramu 230. Ule ulikuwa mgawo wa mji uliozingirwa. Ulikuwa ishara ya huzuni, wala si karamu. Siusomi kama maelezo ya mapishi. Lakini naona kwamba hata katika dhiki watu wa kale walijua kuweka nafaka na kunde pamoja.

Na wataalamu wa lishe leo wanatuambia sababu. Protini imejengwa kwa vipande vidogo vya aina nyingi. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja ambacho maharagi yanacho kwa wingi, na maharagi yana upungufu wa kingine ambacho mahindi yanacho. Vikiliwa katika siku moja vinasaidiana, kama mume na mke. Si lazima viwe katika tonge moja. Wale tunaopenda bugali wa muhogo tuwe waangalifu zaidi: unga wa muhogo una protini gramu 1 au 2 tu katika gramu 100, wakati unga wa mahindi una kama gramu 8. Anayekula muhogo anahitaji maharagi mengi zaidi kando yake.

Sufuria isiyo na nyama

Akina mama wa kanisa wameniomba nisihubiri tu bila kutaja chakula chenyewe. Haya ni mapishi manne kutoka nyumba zetu.

Maharagi kwa karanga. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya. Yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi za kwanza, kisha yaive taratibu mpaka yalainike. Maharagi yasiyoiva vizuri huleta kutapika na kuumwa tumbo. Kuloweka kunapunguza kuni, na kila mama hapa anajua kuni zinatafutwa kwa shida gani. Yakiiva, tia kitunguu na nyanya. Saga karanga zilizokaangwa, koroga kikombe kimoja katika maji ya baridi, mimina, koroga kwa moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito. Karanga zina protini gramu 25 hivi katika 100, na mafuta ya kutosha. Karanga zilizoota ukungu zitupwe, hata kama moyo unauma. Zina sumu inayodhuru ini.

Sombe. Twanga vizuri, chemsha muda mrefu bila kufunika sufuria ili sumu ya muhogo itoke. Halafu ndipo utie kitunguu, biringanya, mawese kidogo na karanga zilizosagwa. Majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko majani mengi tunayoyajua.

Lengalenga, ambayo wenyeji wa hapa wanaiita dodo. Inamea hata kando ya njia. Osha, katakata, pika muda mfupi kwa kitunguu na nyanya, ule pamoja na maharagi. Nyanya na limau vinausaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagi na majani, yaani chakula cha damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula inayazuia. Basi chai ingoje.

Uji wa masoso. Jina ni la kwetu Kivu: mahindi, soja, mtama. Kaanga soja kwanza mpaka inukie, ondoa maganda. Soja isiyokaangwa wala kuchemshwa humsumbua mtoto tumboni. Saga vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama, kimoja cha soja. Soja ina protini gramu 36 hivi katika 100, inapita hata nyama.

Yai liende wapi?

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba vyakula vya wanyama havina kazi. Kuna vitamini moja, inayoitwa B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu vinaihitaji, na mimea haitupi. Inapatikana katika mayai, maziwa, samaki na nyama. Ndugu zetu ambao kwa dhamiri yao hawali nyama, tuwaheshimu kama Paulo anavyofundisha katika Warumi 14. Wale wanaotumia maziwa na mayai wanaipata humo. Lakini anayeacha hata maziwa na mayai, na hasa mama mjamzito au anayenyonyesha, amwulize muuguzi juu ya vitamini hiyo.

Na mtoto mdogo tumbo lake ni dogo. Hawezi kula bakuli la maharagi kama baba. Kwake yeye yai moja, au kijiko cha ndakala waliokaushwa na kusagwa, ni kitu kikubwa. Hapa Uganda, kitengo cha lishe cha Mwanamugimu katika hospitali ya Mulago, Kampala, kimewafundisha akina mama tangu miaka ya 1960. Chakula wanachofundisha kinaitwa kitobero. Ndani yake kuna ndizi au viazi, kuna maharagi au karanga, kuna majani, na kuna kidogo cha mnyama kama maziwa au unga wa samaki wadogo. Vyote vinapikwa na kupondwa kwa ajili ya mtoto. Angalieni mpango huo: kile kidogo cha mnyama kinakwenda kwa mdogo. Sisi tumeugeuza. Kile kidogo kinakwenda kwa mchungaji, kwa mkwe, kwa baba mwenye nyumba, na mtoto anapata mchuzi.

Hili ndilo jambo ninalotaka kusema leo kuliko yote. Nyama si dhambi, na maharagi si utakatifu. Lakini heshima ya mgeni isilipwe kwa sahani ya mtoto.

Wengine mtasema: "Mchungaji, chakula kimepunguzwa, na wewe unatufundisha kuridhika." Hapana. Njaa si karama ya Roho. Mithali 15 inasifu mlo wa mboga wenye upendo. Haisifu sufuria tupu. Anayenyimwa haki yake aende aiulize, na sisi viongozi twende pamoja naye. Ninachokataa ni sisi wenyewe kumpunguzia mtoto mara ya pili, baada ya mgawo kumpunguzia mara ya kwanza.

Jinsi ya kukataa bila kudharau

Baada ya mambo yale nilidhani dawa ni rahisi: nitakataa kuku. Nilirudi kwa mama yule, na mke wangu alimpelekea kuku wawili wa kufuga. Nikamwambia, "Mama, leo usitupikie kitu." Alinyamaza, kisha akasema, "Pasta, kwa mama fulani ulikula. Kwangu unakataa kwa sababu mimi ni mjane?"

Sikuwa na jibu. Niliona kwamba kumnyima mtu nafasi ya kutoa ni kumwondolea kitu kingine ambacho vita havikukichukua. Mkimbizi amezoea kupokea. Siku ya mgeni ndiyo siku yake ya kutoa. Nikifunga mkono wake kwa jina la huruma, nimemfanya maskini mara mbili.

Nikafikiri, nikamwuliza, "Mama, siku ile tulipokuja ulikuwa unachambua maharagi. Yale ulituficha. Leo nayaomba." Akacheka, akaona haya, akaingia ndani. Yalikuwa maharagi kwa karanga, na lengalenga kando. Nikaomba watoto waje tule pamoja kwenye mkeka. Niliongezewa mara mbili, na mara ya pili niliomba mwenyewe. Yule mdogo alikula yai lake pembeni, akinitazama kama mtu anayemlinda mwizi. Alikuwa na haki.

Tangu siku ile mimi na wazee wa kanisa tumepatana hivi. Tukienda kutembelea familia tutume neno mapema kwamba tunaomba chakula wanachokula wao. Tusile kabla watoto hawajakula, au tule pamoja nao. Kuku anayetaga asichinjwe kwa ajili yetu. Na mzee akiwa na chumvi au karanga kidogo nyumbani kwake, asiende mikono mitupu. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 8, alikuwa tayari kuacha nyama kabisa ikiwa inamwangusha ndugu yake. Sisi tumeombwa kidogo zaidi ya hapo: tuiache katika nyumba ambayo inamwangusha mtoto.

Mabadiliko haya hayawezi kuanza kwa mjane. Akimwandalia mchungaji maharagi kabla mchungaji hajayaomba, majirani watamsema. Lazima yaanze kwa anayeheshimiwa. Baba wa nyumba, wewe ndiwe mgeni wa kwanza wa mke wako kila jioni. Ukisema "leo nyama iende kwa watoto," umeihubiria nyumba yako mahubiri mazuri kuliko yangu ya Jumapili.

Na mtu akikuuliza jana ulikula nini, jibu tu: "Maharagi." Kisha unyamaze.

Bwana awabariki, na azibariki sufuria zenu.

Ni mimi ndugu yenu katika safari,
Mchungaji wenu